Mwanafunzi wangu alimdai Prof ushahidi mbele ya mgonjwa, sasa somo langu limesimamishwa

Jambo sana Mama,

Nakusoma tangu nikiwa mwanafunzi, lakini sikuwahi kufikiri nitakuandikia, maana barua nyingi unazojibu ni za wakwe na wachumba. Yangu ni ya kazi. Ila usingizi inaninyima vilevile.

Mimi ni daktari, mwanamke wa miaka 34, asistanti katika fakulte ya tiba hapa Bukavu. Fakulte yenyewe sitaitaja. Miaka miwili iliyopita nilirudi kutoka masomoni Ubelgiji, nikaomba nipewe saa chache za kufundisha D3, wanafunzi wa tiba wa miaka ya juu, wale ambao asubuhi wanazunguka hospitalini na mchana wanarudi darasani. Nawafundisha namna ya kutafuta utafiti, kuusoma na kuupima kabla ya kumpa mgonjwa dawa. Wao wanaliita EBM kama vitabu vinavyoliita. Mimi naliita somo la tiba ya ushahidi.

Tunakutana Alhamisi saa nane mchana, wanafunzi zaidi ya mia kwenye auditwari moja, projekta ikiwaka kama umeme upo. Nawaonyesha jinsi ya kujenga swali lenye sehemu nne: mgonjwa ni nani, anapewa nini, tunalinganisha na nini, tunatazamia matokeo gani. Nawaeleza kwa nini wagonjwa wanagawanywa kwa kura. Nawaonyesha tafiti kubwa. Utafiti wa FEAST, juu ya watoto mahututi wenye homa kali, ni mmoja wa ninaoupenda, kwa sababu ulifanyika kwa majirani zetu, Uganda, Kenya na Tanzania, na ulibadilisha jambo ambalo dunia nzima ilikuwa inaliamini. Slaidi yake ina namba tatu tu kwa herufi kubwa. Watoto waliopewa serumu ya haraka, yaani maji ya mshipani yanayoingizwa kwa kasi, wale wa albumini (protini ya damu) walikufa 10.6%, waliopewa ya chumvi 10.5%, ambao hawakupewa serumu ya haraka 7.3%. Darasa zima hunyamaza wakiiona.

Wiki tatu zilizopita, Jumatatu, tulikuwa pediatri, wodi ya watoto, kwenye mzunguko wa asubuhi na Prof. Tukafika kwenye kitanda cha mtoto wa miaka miwili aliyeletwa alfajiri kutoka Kadutu. Alikuwa na homa, ameharisha maji siku mbili, macho yameingia ndani, hawezi kunywa. Prof akaagiza serumu ya Ringer iwekwe na iende mbio. Hapo kijana mmoja, mmoja wa wale wangu wazuri kabisa, akainua mkono. "Prof, ushahidi wa hiyo serumu ya haraka uko wapi? FEAST, 2011, imeonyesha inaongeza vifo." Alisema kwa Kifaransa, lakini mama wa mtoto neno la kifo alilielewa. Akaanza kulia.

Prof alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwuliza, "Nani amekufundisha hayo?" Kijana akanitaja. Prof akanigeukia mimi, mbele ya wauguzi, wanafunzi na yule mama, akasema, "Ushahidi mtautafuta kwa majaji, binti yangu. Hapa ni pediatri." Serumu ikawekwa. Mtoto aliamka jioni, siku ya tatu akarudi kwao, lakini si hilo linaloniumiza.

Kinachoniuma ni kwamba Ijumaa doyeni, mkuu wa fakulte, aliniita akasema somo limesimamishwa "mpaka liangaliwe upya". Wenzangu wananiambia nimewafundisha watoto utovu wa adabu. Kijana anaogopa Prof atamkata pointi, amekuja nyumbani kwangu mara mbili. Na wanafunzi wengine, badala ya kuniunga mkono, wanasema, "Dokta, si tulikuambia? Hayo ni mambo ya Ulaya. Huku hata oksijeni tunaibembeleza." Nikiwa mkweli, Mama, hao hao waliopata 16 juu ya 20 kwenye mtihani wangu nawaona kwenye kitanda cha mgonjwa wakinakili kile jirani alichoandika. Kwa hiyo hata kabla ya Jumatatu ile nilikuwa nimeanza kujiuliza nafanya nini. Mega za kushusha makala nanunua kwa mfuko wangu.

Prof ndiye aliyenifundisha kushika mtoto mchanga. Ndiye aliyesaini karatasi zangu za kwenda Ubelgiji, na kwenye harusi yangu alikaa meza ya wazazi. Sasa naambiwa nikamwombe msamaha. Nikaombe msamaha wa nini, wakati sayansi iko upande wangu? Au niache? Kuna ONG, shirika lisilo la kiserikali, imenipigia simu, na mshahara wao huwezi kuulinganisha na wa asistanti.

Asistanti aliyekwama, Ibanda

*

Dokta wangu,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja, maana hiyo sentensi ya majaji ingenichoma hata mimi. Mara ya pili nikakwama kwenye mstari ambao wewe umeupita mbio kama mtu anayekimbia mvua: mtoto ameharisha maji siku mbili, macho yameingia ndani, hawezi kunywa.

Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi wa pediatri, kisha nikafundisha wauguzi mpaka nilipostaafu. Anayefanya kazi hiyo kandokando ya ziwa hili, ambako kipindupindu hakiishi kurudi, anafinya ngozi za matumbo ya watoto mpaka vidole vinajua vyenyewe. Mtoto uliyenieleza, kama ngozi yake ilikuwa inarudi polepole sana, ni wa mpango C wa Shirika la Afya Duniani, ule wa aliyeishiwa maji vibaya. Anapewa Ringer mililita 100 kwa kila kilo. Kwa kuwa amepita mwaka mmoja, 30 za kwanza zinaingia ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Hayo ndiyo Prof aliyoagiza, na mtoto akaamka jioni. Wewe unasema si hilo linalokuumiza. Mimi ningetaka liwe la kwanza kukuuma.

Sasa tuite shahidi wako. FEAST iliandikisha watoto 3,141 wenye homa kali, waliopoteza fahamu au wanaohema kwa shida au yote mawili, na damu yao haizunguki vizuri. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Lakini kuna watoto walioachwa nje ya utafiti tangu mwanzo: wenye utapiamlo mkali, walioungua, na wenye ugonjwa wa kuharisha. Waliachwa nje kwa makusudi. Watafiti walijua kwamba aliyepoteza maji kwa kuharisha anatakiwa kurudishiwa maji.

Prof alikejeli neno ushahidi, lakini bila kutaka alikupa mfano wa kufundishia. Kwa majaji, shahidi haulizwi tu alichokiona. Anaulizwa kwanza alikuwa amesimama wapi. Mtu aliyelala Uvira usiku ule hawezi kuja kutueleza nani aliiba Nyawera hapa Bukavu, hata akiwa mkweli namna gani. FEAST ni shahidi mkweli sana, ila kando ya kitanda cha yule mtoto wa Kadutu hakuwepo. Kijana wako alimleta kizimbani kwa kesi isiyo yake. Na hakujua, kwa sababu slaidi yako ina namba tatu kubwa na haina orodha ya walioachwa nje.

Kwa hiyo, mwanangu, sayansi haikuwa upande wako Jumatatu ile. Ilikuwa kwa Prof, ingawa pengine yeye mwenyewe hakuwa ameisoma.

Usinielewe vibaya. Kwamba Prof alikuwa sahihi kwa mtoto huyu hakumfanyi awe sahihi kwa kila mtoto. Kesho ataletwa mwingine mwenye malaria kali, miguu ya baridi, anahema kwa nguvu, hajaharisha hata mara moja. Kama mkono wa Prof utakwenda kwenye ile ile Ringer ya mbio kwa mazoea, hapo swali la kijana litakuwa na uzito wa roho ya mtu. Kutoka 7.3 hadi 10.5 ni kama watoto watatu zaidi waliokufa katika kila mia. Utafiti wenyewe ulikatishwa kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa, kwa sababu kamati iliyokuwa inaangalia namba iliona hakuna haja ya kuendelea. Hao waliokuwa wakipewa serumu ya haraka walipewa kwa sababu vitabu vilisema hivyo. Prof alisoma vitabu hivyo. Hakuna aibu ndani yake.

Unaniuliza uombe msamaha wa nini. Usiombe msamaha kwa kufundisha, wala kwa sababu mwanafunzi aliuliza. Una deni la mambo mawili. La kwanza ni slaidi. La pili ni yule mama, ambaye katika barua yako analia mstari mmoja kisha hatumwoni tena. Fikiria alivyosikia. Anaambiwa mtoto atiwe serumu, kijana aliyevaa koti jeupe anasema inaua, wakubwa wanakasirikiana, na hakuna anayemgeukia kumwambia kwa Kiswahili kinachoendelea. Pengine chupa hiyo aliilipia kwa fedha ya kukopa. David Sackett na wenzake, walipoandika mwaka 1996 kueleza somo lako ni kitu gani na si kitu gani, walisema ni kuunganisha utafiti bora na ujuzi wa daktari, na kuzingatia hali na matakwa ya mgonjwa. Jumatatu ile utafiti uliletwa nusu, ujuzi ukatukanwa, na mgonjwa akasahauliwa.

Na niruhusu swali moja ambalo jibu lake sitaliona. Ulijua kijana atauliza? Sisemi ulimtuma. Nasema kuna wakati mtu mzima anaogopa kumkabili mkubwa wake, na bila kujisikia anamnoa mdogo awe mkuki. Kama kuna chembe ya hilo, ndiyo sababu kijana anakuja nyumbani kwako mara mbili. Anajua alitupwa.

Sasa twende kwenye kufundisha kwenyewe, maana hapo ndipo naona barua yako ina uchungu wa kweli kuliko hata wa Prof. Unasema wanapata 16 juu ya 20, kisha kwenye kitanda wananakili. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wewe unayedai kila dawa ilete ushahidi, somo lako la Alhamisi saa nane umelidai ushahidi wake? Upo. Mwaka 2004 Coomarasamy na Khan walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti 23 juu ya swali hili hili, kama kufundisha EBM kunabadilisha chochote. Walikuta kwamba mafundisho ya darasani peke yake yanaongeza maarifa, basi. Yale yanayofungamanishwa na kazi ya wodini yanaongeza maarifa, na pia ustadi, mwelekeo na tabia. Hiyo ndiyo picha ya D3 wako kabisa. Wanazijua sehemu nne za swali, lakini swali lenyewe halijawahi kuwatoka mdomoni mbele ya mtoto anayehema, isipokuwa siku moja, na siku hiyo likatoka kama kombora.

Na mtihani, tusifichane. Ukiwauliza watoto sehemu nne za swali watakariri sehemu nne. Siku nyingine wape karatasi ya mgonjwa wa kweli, jina limefutwa, na muhtasari wa utafiti mmoja, uwaulize tu: huyu angeandikishwa kwenye utafiti huu, ndiyo au hapana, na kwa nini? Wengi watalia. Lakini yule atakayejibu hilo hatamletea mtoto wa kipindupindu shahidi wa malaria.

Nikiwa shule ya wauguzi nilikuwa na mtindo ambao sikuusoma popote, ulitokana na kuishiwa majibu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini tunafunga kitovu cha mtoto namna ile, nikafungua mdomo nikakuta sina la kusema zaidi ya "ndivyo tunavyofanya". Nikamwambia, sijui, kesho nitakuambia. Darasa lilishtuka kuliko kama ningetukana. Tangu siku hiyo kila zamu tulikuwa na swali moja kwenye kijikaratasi, na la kwanza la juma lilikuwa langu daima, jambo ambalo mimi mwenyewe silijui. Baadaye nikaja kuelewa kwamba huko Kanada, kwa kina Sackett na Gordon Guyatt ambako somo lako lilipewa jina miaka ya mwanzo ya 1990, madaktari walikuwa na vijikaratasi kama hivyo. Wanaandikiana swali kama mtu anavyoandikiwa dawa, na tarehe ya kuleta jibu.

Fanya hivyo. Swali moja kwa mzunguko mmoja, si zaidi. Uanze na lako. Liandikwe baada ya kuondoka kitandani, kwenye korido, si juu ya kichwa cha mgonjwa. Jibu lije kesho yake kwa dakika tano, na anayelileta lazima aseme mambo matatu kwa Kiswahili au Kifaransa cha kawaida: waliochunguzwa walikuwa kina nani, tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani, na mgonjwa wetu anafanana nao au la. Ndani ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka kwamba kuuliza kuliwahi kuwa utovu wa adabu, kwa sababu wa kwanza kuulizwa atakuwa wewe.

Mega acha kununua kwa mfuko wako. Hinari ya Shirika la Afya Duniani, mlango wa kusomea majarida ya tiba mtandaoni, iko tangu 2002 kwa ajili ya taasisi za nchi kama yetu. Muone mtu wa maktaba ajue kama fakulte imeandikishwa, na kama haijaandikishwa hiyo ndiyo barua ya kumpelekea doyeni badala ya ile ya kulalamika. Mihutasari ya PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, inafunguka hata kwa simu dhaifu. Shusha makala usiku mtandao ukiwa mwepesi, chapa nakala moja, fotokopi ifanye kazi iliyobaki. Hatukuwahi kusubiri mtandao mzuri ili tufundishe.

Wanaosema ni mambo ya Ulaya, usiwajibu kwa hasira, wajibu kwa Beni. Kuanzia Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua Kivu Kaskazini na Ituri, wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika dawa nne, na Profesa Muyembe wetu akiwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Dawa iliyowekwa kama kipimo cha nyingine, ZMapp, ndiyo watu wengi waliyoitumainia. Nusu ya walioipata walikufa, 49.7%. Remdesivir haikuwa bora, 53.1%. Lakini mAb114, ambayo asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, ilikuwa 35.1%, na REGN-EB3 33.5%. Agosti 2019 kura ikasimamishwa, wagonjwa wakaanza kupewa hizo mbili. Mwezi huohuo Ebola ikafika hadi Mwenga, huku kwetu Kivu Kusini. Nakumbuka hofu ile, tulikuwa tunasalimiana kwa viwiko. Waambie D3 wako kwamba bila kura ile tungeendelea kuchagua dawa kwa umaarufu wake, na waliolala kwenye vitanda vile hawakuwa watu wa Brussels.

Ukitaka ya pili, kuna artesunati, dawa ya malaria kali. Utafiti wa AQUAMAT wa 2010 ulichukua watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Waliopewa kinini walikufa 10.9%, waliopewa artesunati 8.5%. Huu utumie kufundishia jambo lingine ambalo halimo kwenye barua yako, nalo linanikera tangu zamani: delege wa madawa, wale mawakala wa kampuni wanaotembelea madaktari, na karatasi zao zinazong'aa. Tofauti hiyo hiyo delege angeiandika "inapunguza vifo kwa 22.5%", na asingesema uongo. Lakini kwa muuguzi anayehesabu vitanda, ni kwamba ukitibu watoto kama 40 hivi kwa artesunati badala ya kinini, unaokoa mmoja wa ziada. Mmoja ni mkubwa sana, hasa akiwa wako. Ila wanafunzi wazoee kuuliza: kutoka ngapi hadi ngapi? Swali hilo halimvunjii heshima mtu yeyote isipokuwa delege.

Kuhusu ONG, mshahara ni mshahara, na mwenye watoto hashauriwi na mtu aliyestaafu. Ukienda, nenda kwa hesabu. Usiende kwa sababu ya Jumatatu moja.

Mpangilio wa safari zako uwe huu. Mwone kijana kwanza. Mwambie slaidi ilikuwa na kasoro na kasoro ni yako, kisha mkae na ukurasa wa FEAST wenye orodha ya walioachwa nje, autafute yeye mwenyewe mtoto wa Kadutu humo. Atamkuta kwenye orodha hiyo. Umsaidie aandike mistari mitatu kwa Prof, ya heshima, isiyolamba miguu.

Kisha nenda kwa Prof, peke yako, ofisini, baada ya mzunguko, wakati amekaa na amekunywa chai. Usianze na FEAST. Anza na, "Prof, kwenye somo langu nimefundisha kitu nusu, nimekuja kukuonyesha." Mwachie karatasi aisome kwa macho yake. Halafu, kama moyo wake umefunguka, mwulize kitu ambacho si mimi wala jarida lolote tunaweza kukujibu: katika miaka yake yote, ni watoto gani aliowaona wakizidiwa na serumu, akajuaje, aligundua kwa ishara gani? Wazee wa pediatri wana majibu ya swali hilo na hakuna anayewauliza. Ukipata bahati atakusimulia wawili watatu, na kati ya hao patatoka swali la kijikaratasi chako cha kwanza, likiwa na jina lake juu.

Doyeni awe wa mwisho. Usimwombe auditwari tena. Omba dakika tano za korido mara mbili kwa juma pale pediatri, Prof akikubali kuwepo. Ni ombi dogo kiasi kwamba kulikataa kunahitaji sababu.

Na kama Prof, akiwa na ule ulimi wake, atakuuliza ushahidi wa vijikaratasi hivyo uko wapi, unao, ni BMJ ya 2004. Ila umwambie mapema, kabla hajakuuliza mwenyewe, kwamba waliochunguzwa humo walikuwa madaktari waliokwisha kumaliza shule, si D3.